Kifungo cha Koti la Mzee Muli

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Leo Kavata amenipa kazi. Si kazi ya kutengeneza redio. Kazi ya maisha!

Nilikuwa nimempelekea suruali ya kaki apunguze urefu. Alishaipunguza Mei, akaipunguza tena Juni, lakini nifanyeje? Mtu hawezi kwenda kwa fundi wa nguo akasimama tu akimtazama. Suruali zangu zote sasa zinaishia juu ya vifundo vya miguu, na watu wa hapa Emali wanadhani nimejiunga na dhehebu jipya. Kavata aliipima, akaniangalia, akasema akiipunguza tena itakuwa kaptura. Kisha akasema jambo ambalo mwanamke mwingine hajawahi kuniambia tangu nizaliwe. Kwamba kama nina neno la kusema, basi kwao Mbumbuni kuna mlango.

Nilishika meza ya cherehani nisianguke.

Lakini kuna shida. Baba yake, Mzee Muli, alikuwa askari wa KAR, jeshi la King'i wa Wazungu, katika vita vya Hitla, akarudi na koti refu la jeshi. Koti hilo ndilo heshima yake. Mgeni wa maana hampokei bila kulivaa. Na limepungukiwa na kifungo kimoja, kile cha juu kabisa, cha shingoni. Kilikatika akishuka treni hapa hapa Emali, mwaka wa arobaini na sita, koti liliponaswa na mlango wa behewa. Tangu hapo, kila anapofika mtu kwao na mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua maneno ya posa, mzee hugusa shingo na kusema hawezi kuketi na wageni wa aina hiyo akiwa nusu uchi. Wageni huondoka na mbuzi wao. Ndiyo maana Kavata amefika umri huu akiwa anashona nguo za maharusi wa watu wengine.

Akasema kifungo hicho hakikwenda mbinguni, kiko ardhini pale stesheni. Akasema wewe si una ile mashine. Halafu akainama, akaendelea kushona.

Ninayo! Mashine ya kutafuta chuma. Nilibadilishana na fundi mmoja wa bomba la maji, nikampa redio kaseti. Ina fimbo, ina sahani chini, na ikikaribia chuma inapiga filimbi. Mpaka leo imenipatia visoda vya bia tu. Sasa najua ilikuwa inangoja siku hii.

Kifungo chenyewe, Kavata anasema, kina rangi ya dhahabu. Simba upande mmoja, farasi mwenye pembe moja upande wa pili, na ngao katikati yao. Nimekichora hapa pembeni. Farasi ametoka kama mbuzi, lakini naelewa mwenyewe.

Jioni sikula. Nimelala kitandani nasikia cherehani yake masikioni, ingawa amefunga tangu saa kumi na moja.

Jumanne, 3 Agosti

Stesheni tangu asubuhi. Nimepata misumari, kifuniko cha sufuria, nusu ya mkasi, na kitu kilichokuwa kijiko. Filimbi haikunyamaza. Akina mama wawili waliokuwa wanangoja treni walibeba vikapu vyao wakakimbilia ukingoni, wakidhani ni gadi anapuliza. Mkuu wa stesheni akatoka. Alisema ardhi hii ni mali ya reli na vyote vilivyomo, pamoja na minyoo. Nikamwambia minyoo simtaki hata mmoja. Akanifukuza.

Nikiwa kwa kinyozi nikafarijiwa na Musembi, aliyekuwa fundi wa njia ya reli miaka ile. Yeye anasema napoteza wakati. Udongo wa pale ulishakwanguliwa zamani wakati wa kumwaga kokoto, ukapakiwa kwenye trela, ukaenda kujaza mashimo ya mnada wa mifugo. Kwa hiyo kifungo kiko mnadani, chini ya kwato za ng'ombe! Nilimkumbatia. Kinyozi alikuwa bado ana wembe mkononi, tukaponea chupuchupu.

Habari mbaya: nyuma ya nyumba ya Mutie nimeona mbuzi watatu wamefungwa. Mutie anauza mitumba mbele ya kibanda cha Kavata. Anaimba besi kanisani. Hana bucha, hafugi, na ntheo ni mbuzi watatu. Sihitaji kuambiwa zaidi.

Ana mabega mapana, Mutie. Mimi nina mashine.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimepata kifungo! Na si chenyewe. Wacha nieleze polepole.

Jana sikupata chochote kwa sababu ilikuwa siku ya mnada na ng'ombe walinikanyagia waya. Leo mnada ni mtupu. Kando ya birika la kunyweshea, mashine ikalia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, tamu. Nikachimba mpaka kiwiko. Nikatoa kidonge cha udongo, nikakitemea mate, nikakisugua kwa kidole.

Simba. Farasi. Ngao.

Niliketi chini. Nitasema ukweli, nililia. Nilimwona Kavata kama ndotoni, amekaa mlangoni kwangu, anakata sukuma wiki, ananiuliza kama nimekula.

Kisha akili ikarudi. Mimi ni fundi, sidanganyiki na vitu vya chuma. Kwanza, kilikuwa kinang'aa. Kitu kilicholala ardhini tangu vita vya Hitla kinawezaje kung'aa? Jembe langu lililala nje msimu mmoja tu wa mvua, likawa jekundu lote. Pili, nikatoa sumaku ya spika iliyokufa, nikaiweka juu yake. Haikushika hata kidogo! Jeshi ni chuma. King'i hawezi kumfunga askari wake kwa kitu ambacho hata sumaku inakidharau. Nyuma kilikuwa na kijipete cha waya kilichochomelewa, nikikigusa kinacheza, kazi ya mtu mwenye haraka. Na pale pale nyuma, kwa herufi ndogo za mviringo, jina la kiwanda na mji wa Birmingham. Vitu vya dukani ndivyo huandikwa vilikotoka. King'i ajitangaze kwa nani?

Nikakiuma ili kuhakikisha. Jino la pembeni bado linauma.

Basi nikaelewa. Mutie! Nani mwingine ana marobota ya makoti ya Ulaya yenye vifungo vya simba, vya nanga, vya taji? Amepata habari, akakifukia pale ili nikakipeleke Mbumbuni, mzee akigeuze, aone ni cha bandia, anifukuze na mbwa. Mtego safi kabisa. Karibu nimpe heko.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda chake. Nikakiweka juu ya lundo la sweta. Nikamwambia sitegwi kirahisi hivyo, achukue kifungo chake, na kama ni mwanamume akipeleke mwenyewe Mbumbuni kwa Mzee Muli aone kama mzee atadanganyika. Mutie akauliza Mzee Muli yupi, baba yake Kavata? Nikacheka. Nikamweleza habari yote ya koti tangu mlango wa behewa mpaka nusu uchi, ili ajue kwamba najua kwamba anajua. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akakitia kifungo mfuko wa shati, polepole, akasema asante.

Asante! Mtu huyo hana haya.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimewaza usiku na mchana. Cha kweli kinaweza kuwa popote mnadani, na mbuzi wa Mutie wanazidi kunenepa. Nami nimemngoja Kavata tangu alipofungua kibanda, mwaka ule wa njaa. Nimengoja vya kutosha.

Sasa nauliza, kifungo ni nini? Ni kitu cha kufungia koti. Mzee macho yake yamezeeka, anachotaka ni kugusa shingo akute kitu. Kavata anachotaka ni mzee aketi. Nikimpa mzee kifungo, nimemwibia nani? Ni kumfariji mtu mzima.

Nimenunua koti la bluu la shule fulani ya Ulaya kwa Mutie mwenyewe. Lina vifungo vya simba. Simba yuko peke yake, farasi hayupo, lakini kutu ikiingia nani atahesabu wanyama? Mutie akaniambia limenikaa vizuri, na akanipunguzia bei. Hatia inamtafuna.

Nikakata kifungo cha juu. Nikakigusisha sumaku. Kikaruka kikaganda! Nilipata shida kukibandua. Hicho sasa ndicho kifungo cha jeshi. Nimekilaza kwenye kopo la chumvi, ndimu na maji ya zizi la mbuzi wa jirani. Harufu yake siwezi kuiandika.

Jumamosi, 7 Agosti

Kibanda cha Mutie kimefungwa siku nzima. Nimeambiwa ametoka alfajiri, ameelekea upande wa mji wa Wote. Pengine amekwenda kuleta mitumba. Siku tamu! Nilikaa kwa Kavata bila yule mtu kunihesabia dakika kutoka ng'ambo ya barabara. Suruali zimekwisha, nikapeleka foronya apunguze. Hakuuliza foronya inapunguzwa kwa nini. Aliishona.

Ana namna ya kushika pini midomoni huku akitabasamu upande mmoja. Nikiona hivyo husahau jina langu. Ningepewa kukaa kwenye lile benchi mpaka uzeeni, nikimpitishia uzi, nisingedai kitu kingine.

Akauliza kazi ya mashine inaendeleaje. Nikamwambia aje mnadani Jumatano, ashuhudie kwa macho yake. Akatoa pini mdomoni, akasema atakuja. Akasema, "Fanya tu polepole, Kisilu. Hakuna anayekufukuza."

Kifungo kimeanza kuwa chekundu. Kinaendelea vizuri.

Jumapili, 8 Agosti

Siku ya kukizika. Nimechagua saa ya ibada kwa sababu watu wote wako kanisani, hata mbwa wao wamelala.

Kifungo sikutaka kichafuke kwa namna isiyofaa, kwa hiyo nikakifunga kwenye kipande cha kitambaa chekundu. Kipande hicho kilianguka chini ya cherehani ya Kavata zamani, nami hukiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Nikachimba karibu na birika. Nikakilaza. Kabla ya kufukia nikataja jina la Kavata mara tatu, si kwa sababu yoyote, roho tu ilitaka. Kisha nikaondoka kinyumenyume nikifagia nyayo zangu kwa tawi la mwarubaini, kusudi isionekane kuwa mtu alipita. Kazi ya akili!

Karibu na lango nikamkuta Qamar, yule mama wa Kisomali anayeuza chai ya maziwa mnadani. Yeye ni Mwislamu, Jumapili yake ni siku ya kawaida, alikuwa anaosha birika zake za chai. Nikampungia tawi. Hakunipungia. Alisimama tu ameshika birika, maji yakimwagikia miguuni.

Jumanne, 10 Agosti

Emali imechafuka! Kuna mtu amezika kitu mnadani. Uchawi. Uoi, akina mama wanasema kwa sauti ya chini, wakifunga kanga shingoni. Mbuzi mmoja wa wafanyabiashara wanaotoka Garissa amekohoa tangu jana. Wenzake wamekataa kuingiza mifugo, wamepiga kambi nje ya ua, na kesho ndiyo siku ya mnada. Mnada usipofunguliwa hata mimi nitaathirika, maana Kavata atakuja aone nini?

Nimekasirika sana. Mtu mzima na akili zake anazika uganga wake pale pale ambapo mimi nina kifungo changu!

Naibu wa chifu ameitisha mkutano chini ya paa la mabati la mnada. Wazee wa kanisa walikuwepo, wafanyabiashara walikuwepo, Mutie aliomba sala ndefu kwa besi. Nikaona watu wanazungukazunguka tu. Nikasimama. Nikasema huyo mtu akipatikana afukue kitu chake kwa mikono yake mwenyewe mbele ya kila mtu, kisha afukie kila shimo lililoko mnadani. Walipiga makofi! Nikaongeza kwamba mashine yangu inaweza kukipata kitu hicho popote kilipo, bure, kwa ajili ya jamii. Makofi tena. Naibu wa chifu akanishika mkono.

Kavata alikuwa amesimama nyuma, karibu na Qamar. Qamar alikuwa anamnong'oneza. Kavata aliniangalia muda mrefu. Nilikaza kifua. Kesho nitavaa lile koti la bluu.

Jumatano, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilifika nimevaa koti, nimenyoa, nimebeba mashine begani. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ua. Mpango wangu ulikuwa mzuri: nizunguke kwanza upande wa mashariki nitafute huo uganga, nikimaliza nielekee birikani, nipate kifungo, nimkabidhi Kavata mbele ya umati. Lakini naibu wa chifu akasema nisihangaike, mahali panajulikana, kuna mtu alimwona mchawi kwa macho yake. Akanipeleka moja kwa moja birikani. Walikuwa wameweka mawe kuzunguka pale.

Mashine ikalia. 

Naibu wa chifu akamuuliza Qamar alimwona nani. Qamar akasema alimwona huyu hapa, na tawi, akitembea nyuma nyuma, akitaja jina la mwanamke. Alisema bila chuki. Akaongeza kwamba mimi ni mteja wake wa chai na hakuwahi kuniona na shida hapo awali.

Wakakumbuka ushauri wangu wa jana. Nikafukua kwa mikono yangu mwenyewe.

Kile kitambaa chekundu kilipotoka, watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, mzee mmoja wa kanisa akaanguka juu ya mbuzi. Hakuna aliyetaka kukigusa. Nikawa nimepiga magoti pale, nimenyoosha mkono, na jasho linanitoka ndani ya lile koti. Ndipo Kavata akatoka kwenye umati. Akakichukua. Akakifungua. Alikitambua kitambaa, nilimwona akikitambua. Akakishika kile kifungo chekundu cha kutu, akakigeuza, akakikwangua kwa ukucha. Kisha akaniinamia na kukiweka kwenye koti langu, mahali ambapo kifungo cha juu hakipo, kando ya wenzake.

Simba kwa simba.

Mtu mmoja akacheka. Halafu mnada mzima. Wafanyabiashara walicheka mpaka wakafungua ua wakaingiza mifugo. Naibu wa chifu akasema uchawi hapa hakuna, kuna Kisilu. Mutie pia alicheka, lakini kidogo, akiangalia chini. Kavata hakucheka hata kidogo.

Amekuja jioni nikifukia mashimo. Ni mengi, mengine si yangu hata. Alikaa kwenye ukingo wa birika na kunieleza. Jumamosi Mutie alifika Mbumbuni na mbuzi wake na kifungo. Mzee Muli alikipangusa kwa mkono wa shati, akakigeuza nyuma, akakilinganisha na vile vingine vitano. Jina lile lile, mji ule ule. Akakaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba sindano, akakishona mwenyewe.

Nikamwambia Kavata hicho ni cha bandia, kinang'aa na sumaku haikishiki. Akasema ni shaba iliyopakwa dhahabu. Ndiyo maana kinang'aa, na ndiyo maana sumaku haikishiki. Akasema fundi wa redio anajua hivyo. Ni kweli, najua. Sijui siku ile ujuzi ulikwenda wapi.

Nikauliza Mutie alikitoa wapi cha kweli. Mara tu nilipouliza nikapata jibu. Nikaketi ndani ya shimo.

Kavata aliniinamia. Halafu akasema, "Hadithi ya kifungo nilikuambia wewe peke yako. Nani mwingine hapa Emali ana mashine?"

 Nilikuwa nimeshika jembe tu.

Nikauliza mbuzi wa Mutie. Amesema bado wamefungwa kwao Mbumbuni, baba yake amewapokea kwa adabu, lakini yeye binti hajaulizwa neno lake na hajalitoa. Kisha akasimama, akapangusa vumbi kwenye sketi. "Koti sasa limekamilika. Baba anaweza kuketi na mtu yeyote. Jumamosi niko nyumbani. Njoo, Kisilu. Usilete mashine, usilete kitu. Njoo tu useme."

Akaenda. Kitambaa chekundu alikwenda nacho.

Alhamisi, 12 Agosti

Sijafungua duka. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya redio zilizovunjika. Mzee, mimi ni Kisilu, nimekuja kumwomba Kavata. Ni maneno machache. Nikifika kwenye jina lake naanza kukohoa. Nikajaribu tena. Saa nane mchana nimefaulu kulisema lote bila kukohoa.

Ninampenda. Nimeliandika neno hilo hapa ili nilione. Linaonekana vizuri.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimerudi kutoka Mbumbuni. Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa mtu asiyejua anaweza kuona vingine.

Nilifika kabla ya saa sita. Bila mashine, bila kitu, kama nilivyoagizwa. Kavata alikuwa mlangoni. Alivaa gauni la bluu ambalo sijawahi kuliona, na nikajua alilishona wiki hii kwa sababu uzi ulikuwa bado unaning'inia kwenye pindo.  Aliniweka kwenye kiti uani, akasema baba ananawa uso, atatoka sasa hivi. Mbuzi wa Mutie walikuwa pale, wamefungwa, lakini akasema nisiwaangalie. Akaleta vikombe, akanimiminia chai, akaingia jikoni kuchukua sukari. Maneno yangu nilikuwa nayo mdomoni, yote, kwa mpangilio.

Na mbele yangu, kwenye kamba ya nguo, koti lilikuwa limeanikwa kupunga upepo.

Nikaliangalia. Vifungo sita. Na kile cha juu kilikuwa kinang'aa kuliko wenzake, kinanikodolea macho. Nikaanza kufikiri. Mzee atalivaa, ataketi mbele yangu, na mimi nitakuwa nasema maneno yangu huku kifungo cha Mutie kiko pale shingoni pake. Kila atakapokigusa atamkumbuka nani? Mutie! Mtu anawezaje kuposa mbele ya kifungo cha mwenzake? Haiwezekani. Kavata ni mwerevu lakini hilo hakuliona.

Lakini kikipotea tena. Na kikipatikana na mimi, pale pale uani kwao, kwa mashine, mzee akiona, Kavata akiona, na safari hii kikiwa cha kweli kabisa! Nani atakumbuka Mutie?

Kisu changu cha kuchuna nyaya kilikuwa mfukoni. Mzee hashoni imara kama binti yake, uzi ulikatika mara moja. Ndani nikasikia anakohoa, anaita aletewe koti lake. Nikaruka ua, nikapita kwenye mbaazi.

Nilipofika mtoni nilimsikia Kavata akiita jina langu. Mara moja tu. Hakuita kwa sauti kubwa.

Sasa niko nyumbani na kifungo kiko mezani. Nimekipima kwa uangalifu, sitaki makosa tena. Sumaku haikishiki, vizuri. Kijipete cha waya, kipo. Birmingham, ipo. Ni chenyewe. Jumatano nitarudi Mbumbuni na mashine, nitawakuta wanahangaika, nami nitasema kwa upole kwamba pengine naweza kusaidia. Kabla ya hapo nitapita kimya kimya nikizike. Nafikiri chini ya kamba ya nguo pangefaa, karibu na mlango, ili Kavata asitembee mbali kuja kuona. Chai aliyonimiminia sikuionja, imepoa, lakini atanimiminia nyingine.